Wawili Wasiokuwepo

Walikuja Jumanne, watatu, kutoka Mombasa,
na gurudumu la kupimia, tiki, tiki, yadi kwa yadi,
kofia pana, penseli sikioni.
Mkubwa wao, Bi Rukia Mbwana, akaniuliza:
"Wewe ndiye kedi anayeujua uwanja?"
Nikasema, naujua kwa nyayo.
Akanikabidhi vibendera: vyekundu tisa, vya manjano tisa.

Uwanja, akasema, haupimwi kwa mtu aliyepo.
Aliyepo leo ana mafua, kesho ana deni,
keshokutwa kagombana na mkewe na mpira unaishia vichakani.
Hupimwa kwa wawili wasiokuwepo.
Mmoja Hodari: mpira wake hutua yadi mia mbili na hamsini,
haendi kombo, halaumu upepo.
Wa pili Wastani: hupiga mia mbili akijitutumua,
na kila shimo hukosa mara moja,
kana kwamba kukosa ni ushuru wa mlangoni.

Kutwa nzima niliwabebea hao wawili mifuko ya hewa.
"Hodari katua hapa." Nikachomeka chekundu.
"Wastani, hapa." Manjano.

Shimo la nne, penye kisima cha kale kilichofunikwa bati,
Hodari alikiruka, hata hakukiona.
Wastani akatua ukingoni.
Nilikitazama kibendera chake kikitetemeka,
nikasema moyoni, pole bwana,
hapo nami nimewahi kutafuta mpira wa tajiri
mpaka siafu wakanijua jina.

Bi Rukia aliandika upana wa njia, kina cha mchanga,
miti, majani marefu, ukali wa kijani penye tundu.
Kisha akasema, "Sasa mteremko."
Nikacheka. Mteremko wa wapi, bibi?
Malindi hii, bapa kama uteo?
Maji ya mvua yenyewe hapa huuliza njia.

Akaiweka penseli. "Si wa ardhi, Sidi.
Ni kutoka kwa huyu hadi kwa yule.
Uwanja unamwonea Wastani kiasi gani kuliko Hodari,
hiyo ndiyo namba ninayoitafuta.
Ikipatikana, mnyonge huongezewa mapigo yake,
kwa hesabu, si kwa huruma."

Kwa hesabu, si kwa huruma.
Nilitembea na maneno hayo hadi shimo la saba.

Nikamfikiria Bwana Shekue,
anayeandika kadi mbovu tangu Januari,
akosa hapa, akosa pale, hendikapu inanenepa,
ili Desemba atwae mbuzi wa mashindano.
Nikamfikiria baba, Mwaringa,
Jumatatu za makedi, na chuma kimoja, namba saba,
uso wake umelika kama sarafu ya zamani.
Alizunguka mashimo tisa kwa thelathini na nne.
Nani alitia saini?
Kunguru.
Baba alikufa bila namba.
Hakuna kitabu kinachosema alikuwa nani kati ya wale wawili.

Jioni nikang'oa vibendera.
Kimoja cha manjano nilikisahau kisimani,
au tuseme nilikisahau.

Mwezi uliofuata wakapaka ubao mpya penye ofisi:
kiwango sitini na nane nukta saba,
mteremko mia moja na kumi na saba.
Wanachama wakasoma, wakaguna, wakaagiza soda.
Mimi nilibaki nimesimama na reki.
Uwanja wa kawaida, aliniambia, ni mia moja na kumi na tatu.
Zimezidi nne.
Moja najua ni kisima.
Ya pili ni mchanga wa shimo la sita, ninaousawazisha kila alfajiri
na kila alfajiri ni wangu peke yangu.
Ya tatu, ule mvinje uliopinda.
Ya nne
bado naizunguka naitafuta,
na chuma namba saba, Jumatatu,
kadi mfukoni, haijaandikwa kitu.